Namba tisa akihamia benchi: Kocha ajibu barua zenu

Barua zimekuwa nyingi tangu tulipozungumzia makipa, na safari hii washambuliaji wamedai zamu yao. Sina ubishi nao. Ujana wangu wote nimecheza namba tisa katika timu za ukanda wa miwa, sasa nafundisha vijana hapa Kisumu, na suala la straika anayegeuka kocha ni suala ninalolala nalo na kuamka nalo. Barua nimezifupisha kidogo. Majibu sikuyafupisha.

Kocha, habari za kazi. Mimi ni straika wa miaka 33, nachezea timu ya daraja la chini hapa Nyalenda. Goti la kulia linaniuma kila baada ya mechi, na msimu uliopita nilianza mechi chache mno. Nataka kuwa kocha lakini wenzangu wanasema nimalize kwanza kucheza. Nianzie wapi?
*Straika wa Nyalenda, Kisumu*

Ndugu yangu, wenzako wanakutakia mema lakini ushauri wao utakuchelewesha. Anza sasa, ungali na jezi. Anayengoja mpaka atundike njumu hujikuta hana timu ya kuchezea wala ya kufundisha, na hapo ndipo tunapowapoteza mastraika wengi wa huku kwetu.

Kwanza goti. Usilifunge bandeji tu na kulikanda kwa maji moto Jumapili jioni. Nenda hospitali likapigwe picha, kisha mtaalamu wa viungo akupe mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Kocha hufanya kazi ya mwili kuliko watu wanavyodhani. Utapiga krosi, utaruka kichwa cha kuonyesha, utachuchumaa mbele ya watoto kila jioni. Goti hilo bado lina kazi.

Kisha tafuta watoto, na Nyalenda hawakosekani. Chukua walio chini ya miaka 13 kabla hujawagusa wakubwa, kwa sababu mtoto hajui kujifanya ameelewa. Mchezaji mzima ukimwambia "jipange vizuri" atatikisa kichwa aendelee na yake. Mtoto atakukodolea macho. Itabidi umwambie asimame wapi, atazame nini, aondoke wakati gani. Hapo utajua kama kazi yako unaielewa au mwili wako ndio ulikuwa unaielewa.

Sisi namba tisa tuna shida ambayo viungo, wachezaji wa katikati, hawana sana. Straika anaishi akiwapa mgongo wenzake. Kwa dakika 90 anatazama lango moja, mabeki wawili na kipa. Nyuma yake wenzake wanahangaika kuutoa mpira miguuni mwa wapinzani, na yeye anauona ukishafika. Kocha kazi yake ni kuyaona mahangaiko hayo. Ndiyo maana vijana wangu wanaotaka ukocha nawapa kazi hii, nawe nakupa: nenda uwanjani, iwe Moi au Mamboleo, ukae juu nyuma ya goli, usikae pale katikati wanapopenda watu kukaa. Kipindi cha kwanza usiufuate mpira kabisa. Mfuate beki wa kushoto peke yake, timu yake ikiwa na mpira na ikiwa haina. Kipindi cha pili tazama nafasi kati ya mabeki na viungo kila timu inapopokonywa mpira: inapanuka au inafungwa, na nani anachelewa kurudi? Andika kwenye daftari. Mara ya kwanza utachoka na utahisi hukuona mechi. Rudi tena.

Halafu kumbuka una kocha wako mwenyewe mbele yako kila jioni. Akikutoa dakika ya 60 usinune benchini. Mechi ikiisha mfuate kwa heshima umuulize alikuwa anaona nini. Wengi wao watafurahi kuulizwa, kwa sababu wachezaji huwauliza habari ya marupurupu tu.

Kuhusu vyeti, fika ofisi ya kaunti ya FKF, shirikisho la mpira la Kenya, uulize kozi ya leseni D ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, itafanyika lini. Hiyo ndiyo ngazi ya chini, ya mpira wa watoto na mashinani. Juu yake kuna C, B, A na Pro. Jina lisikudanganye. Hata ukiwa ulicheka na nyavu kila Jumamosi, kuongoza klabu kama kocha mkuu kwenye mashindano ya CAF kunataka angalau leseni A, na ngazi hizo huchukua miaka kuzipanda. Ukianza ukiwa na 33 una muda. Ukianza ukiwa na 40 utakuwa darasani na watoto uliowafundisha.

Na pesa niiseme wazi. Kufundisha watoto hakulipi. Utapata nauli, siku nyingine hata nauli hutaipata, na mipira utanunua wewe. Kama una kibanda, pikipiki au kazi ya mkono, ishikilie. Mimi nilichezea timu ya kiwanda ambapo mishahara ilikatika miezi kadhaa, na waliokuwa na ujuzi mwingine ndio waliobaki na amani nyumbani. Usimwingize mke na watoto kwenye ndoto yako bila kuwaeleza hesabu.

Kocha, tulibishana hapa Bukhungu tukingoja mechi ya Homeboyz. Mwenzangu anasema straika mkubwa hawezi kuwa kocha mzuri, kwa kuwa atataka kila mtu acheze kama yeye. Mimi nikamwambia amtazame Benni McCarthy. Nani ana haki?
*Msomaji wa Amalemba, Kakamega*

Wewe una mfano mzuri, na mwenzako ana hofu ya kweli. Nitaanza na mfano wako.

McCarthy aliifungia Afrika Kusini mabao 31, na hakuna mwenzao aliyefikia idadi hiyo. Mwaka 2004 alibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa Porto ya José Mourinho. Mtu mwenye sifa hizo angeweza kukaa nyumbani akangoja kuitwa. Yeye alienda kusaidia makocha wengine kwanza, akashika Cape Town City mwaka 2017 na kuipa kombe la MTN8 mwaka uliofuata, akaipandisha AmaZulu hadi nafasi ya pili kwenye ligi, kisha kuanzia 2022 hadi 2024 akawa Manchester United akiwanoa washambuliaji. Zingatia hilo la mwisho. Baada ya kuwa kocha mkuu alikubali kuwa msaidizi tena, ajifunze zaidi. Ndipo Machi 2025 akapewa Harambee Stars, timu yetu ya taifa.

Mechi yake ninayowaonyesha vijana wangu ni ile ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025, pale Kasarani dhidi ya Moroko. Ryan Ogam alifunga kipindi cha kwanza, kisha Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi chote cha pili tulikuwa kumi. Tukashinda 1-0, na hao Moroko ndio waliokuja kubeba kombe. Ulikuwa ushindi wa kuzuia: mistari miwili iliyobanana na kila mtu akimfunika mwenzake. Timu iliyoongozwa na mtu aliyekula kwa kufunga mabao ilishinda kwa kukataa kufungwa. Madagascar walitutoa robo fainali kwa penalti baada ya sare ya 1-1, na iliuma, lakini somo la ile mechi ya Moroko halikufutika.

Mtanisamehe nyie wa Ingwe, yaani AFC Leopards, nikiwatajia mtu wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia. Bobby Williamson alikuwa straika kutoka Scotland, akachezea Rangers, West Brom, Rotherham na Kilmarnock. Akiwa kocha aliipa Kilmarnock Kombe la Scotland mwaka 1997, akaenda Uganda na kubeba ubingwa wa CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, mara nne, kisha akaja Gor Mahia na kuipa ligi ya 2013, ya kwanza tangu 1995. Wazee wa Kisumu walilia siku hiyo. Alipopewa Harambee Stars mambo hayakumwendea vile, na mapema 2016 akaondolewa. Kwa hiyo hata kocha mwenye makombe anahitaji timu inayomfaa na muda wa kuijenga.

Sasa hofu ya mwenzako. Kuna straika aliyefunga kwa mbio na nguvu alizojaliwa na Mungu. Huyo akiwa kocha anateseka, maana atamwambia kijana "mpite tu!" na kijana hana zile mbio. Na kuna aliyefunga kwa kusoma mchezo, aliyejua beki atageuka upande gani kabla beki mwenyewe hajajua. Huyu ana mali ya kugawa. Ukitaka kumpima straika kama ataweza ukocha, mwambie akusimulie bao lake moja, lakini aanzie pasi nne kabla ya shuti. Akianza na "nikaachia kombora", bado. Akianza na beki wa kulia aliyepanda na kumvuta winga wao, mpe filimbi.

Huku Magharibi hilo linanigusa sana. Joe Kadenge, mwana wa Vihiga, ndiye jina la mpira lililojulikana kila nyumba yenye redio, "Kadenge na mpira". Alishika Harambee Stars kwa muda mfupi mwaka 2002, na akatuaga mwaka 2019. Kila nikimfikiria najiuliza ni watoto wangapi wa Hamisi na Sabatia waliowahi kusimama naye uwanjani akawaonyesha alikuwa anatazama nini kabla ya mpira kumfikia. Wachezaji kama hao tuko nao hata sasa, wanauza duka, wanaendesha matatu. Allan Wanga aliendelea kuifungia Kakamega Homeboyz huku akiwa kwenye ofisi ya michezo ya kaunti yenu, na mimi nilipenda kuona hivyo, mfungaji akiwa karibu na mahali mipango ya vijana inapopangwa. Kila kaunti ingewatafuta watu wake.

Mwalimu mwenzangu, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana, Vihiga. Nina straika wa kidato cha tatu mwenye mguu mkali sana, lakini akifika mbele ya goli mpira unapaa juu ya mwamba. Nimemwambia atulie, hatulii. Uwanja wetu una mteremko na tuna mipira mitatu. Nifanye nini?
*Mwalimu wa michezo, Mbale*

Mwalimu, hongera kwanza. Vihiga ndiyo kaunti ya Vihiga Queens, mabingwa wa ligi 2017, 2018 na 2019, timu iliyotuwakilisha kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika ilipoanzishwa mwaka 2021. Na tangu Junior Starlets, timu yetu ya taifa ya wasichana, wacheze Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2024 na kuwafunga Mexico 2-1, msichana wa kidato cha tatu anayepiga mpira ana pa kutazama. Kwa hiyo huyo binti tumtendee haki.

"Tulia" haimsaidii. Hajui ni sehemu gani ya mwili itulie. Msimamie kwa pembeni, usisimame nyuma ya goli, utazame mguu ambao haupigi. Nakuhakikishia mara nyingi utaukuta umebaki nyuma ya mpira, kiwiliwili kimeegemea nyuma, kidevu kimeinuka kutazama goli. Mguu wa kupiga unaingia chini ya mpira, na mpira hauna budi kupaa. Mguu wa kusimamia ukae kando ya mpira, vidole vikielekea anakotaka mpira uende, goti lake likunjwe kidogo, kifua kije juu ya mpira, na macho yabaki kwenye mpira mpaka uondoke. Goli halihami. Ni mita 7.32 kwa 2.44 popote duniani, anaweza kulitazama mapema kisha akaliacha.

Zoezi lenyewe halihitaji kitu. Weka ndala moja ndani ya kila mlingoti, umbali wa hatua moja. Bao ni lile tu linalopita chini, kati ya ndala na mlingoti. Mtu mmoja asimame pembeni ya boksi avingirishe mpira kurudi nyuma kidogo, usawa wa alama ya penalti, mita 11. Straika aje apige kwa ndani ya mguu, kama anayempa mwenzake pasi. Nguvu mwambie aziache kabisa wiki ya kwanza. Atalalamika kwamba kipa atadaka. Mwache kipa adake, la muhimu mpira unakaa chini. Wiki ya pili aongeze nguvu kidogo, ya tatu mletee beki wa kumsumbua kwa bega. Mipira mitatu inatosha, wengine waokote na wazungushane nafasi, maana kiungo naye lazima ajue kufunga.

Mteremko utumie. Akifunga akielekea chini mpira unamkimbia mbele na lazima apige hatua ndogo ndogo ili mguu wa kusimamia ufike pahali pake. Akifunga akielekea juu mpira unamngoja, na hapo mwili huegemea nyuma bila yeye kujua. Mfundishe pande zote mbili, siku ya mechi hamchagui.

Kitu kingine, na hiki kwangu ni kikubwa kuliko shuti. Mtazame anafanya nini sekunde mbili kabla ya krosi. Ninavyofikiri, atakuwa amesimama akingoja, beki amemshika machoni. Mwambie ajitoe kwanza machoni mwa beki: apige hatua mbili nyuma ya mgongo wake, kuelekea mlingoti wa mbali, beki ageuke kumtafuta, ndipo akate mbio mbele yake kuelekea mlingoti wa karibu. Akifanya hivyo atapata nusu ya mita, na mwenye nusu ya mita hana haja ya kupiga kwa hasira. Wapigaji wengi wanaopaisha mpira wanapaisha kwa sababu wanahisi beki mgongoni.

Kocha, mwanangu wa miaka 14 hapa Nakuru ameambiwa na wakala kwamba ana kipaji, aache shule ahamie akademi Nairobi. Anataka ada ya usajili. Tumpe?
*Mzazi, Nakuru*

Mama, au baba, usitoe. Anayekitaka kipaji kweli hakiombi pesa kwa mzazi, na akademi ya maana inamweka mtoto darasani. Hapo Nakuru kuna mpira wa kutosha: Ulinzi Stars wamejulikana Afraha miaka mingi na wamebeba ligi mara nne. Mpeleke mtoto akatazame, umtafutie timu ya mtaa yenye kocha mwenye cheti, na umwangalie ripoti ya shule. Huyo wakala muulize leseni yake iko wapi mbele ya mashahidi.

Kocha, mume wangu alikuwa straika wa timu ya kiwanda cha sukari. Timu ilipokufa naye akanyamaza. Analima, anafanya vibarua, lakini Jumamosi anatoka nyumbani asubuhi anakaa peke yake mpaka jioni. Hataki kuzungumzia mpira wala kwenda uwanjani. Nimsaidieje?
*Mke, Muhoroni*

Dada yangu, barua yako niliisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Nawajua wanaume kama mumeo, nimecheza nao na dhidi yao.

Watu wa mjini hawaelewi ilikuwaje huko kwetu. Timu za Chemelil, Muhoroni, Mumias, Nzoia na Sony zilikuwa zaidi ya timu. Kijana wa kijijini aliitwa kucheza, akapewa kazi kiwandani, akapata nyumba, watoto wakasoma, na Jumamosi wafanyakazi wenzake wakamwimba jina. Mwaka 2006 Sony Sugar kutoka Awendo walibeba ligi ya nchi nzima mbele ya timu za Nairobi. Viwanda vilipoyumba, mchezaji hakupoteza mechi peke yake. Alipoteza mshahara, marafiki, na siku ya wiki ambayo watu walimtambua. Hiyo Jumamosi anayotoka nyumbani ndiyo ile ile.

Kama halali usingizi, hali chakula, au anazungumza maneno ya kujidhuru, usingoje mpira umponye. Mpeleke kituo cha afya mwone mhudumu, na umshirikishe ndugu yake anayemheshimu. Hilo ni la kwanza na halina aibu.

Kama ni ukimya tu, usimwambie aende akafundishe. Atakataa, atasema hana vyeti. Tafuta mtoto, wa kwenu au wa jirani, anayecheza mbele, amwendee na swali moja dogo: "Baba, beki akinishika jezi kwenye kona nafanyaje?" Swali la namna hiyo straika hawezi kulipita. Atasimama aonyeshe. Kesho mtoto arudi na mwenzake, na swali jingine. Usimpongeze sana, usiite majirani waje waone. Waache.

Akishazoea, shule za msingi za hapo Muhoroni na Chemelil zina walimu wa michezo wanaotafuta mtu wa kusaidia jioni. Nenda wewe ukazungumze na mwalimu mkuu mapema, ili siku mumeo akiwa tayari asikute mlango umefungwa. Cheti cha D kitafuata, na hapo aniandikie mwenyewe kupitia gazeti hili, nitamweleza kozi zinapatikana wapi na ajiandae vipi. Mwambie pia kwamba vijana wangu wa Kisumu hawajui kuulinda mpira kwa mgongo, na mabeki wa ukanda wa miwa walitufundisha ufundi huo kwa viwiko. Namhitaji kwa mazoezi ya Jumamosi asubuhi.